Sauti Iliyopita Mfupani

Nilipokuwa darasa la sita nilikuwa sisikii, na kwa kadiri nilivyoamini, waliojua jambo hilo tulikuwa wawili tu duniani: mimi na msichana niliyekaa naye dawati moja.

Ilianza mwaka tuliohamia kijiji kipya. Tulikuwa tumetolewa kwenye mji wa babu, kule kwenye mkunjo wa vilima, tukapangwa kwa safu kando ya barabara iendayo Sumbawanga, nyumba inatazamana na nyumba. Baridi ilitukuta paa la nyasi halijakamilika. Upepo wa Ufipa ulipita juu ya vitanda vyetu kana kwamba tumelala shambani. Nikaugua. Masikio yote mawili yakatoa usaha. Mama alinidondoshea mafuta ya vuguvugu, akaniziba kwa pamba. Homa iliondoka, usaha ukawa unakuja na kupotea, lakini maneno ya watu hayakurudi. Mwanzoni yalikuwa kama yanatoka nyuma ya ukuta. Baadaye mtu asipopaza sauti karibu yangu kabisa, niliona mdomo tu ukifunguka na kujifunga.

Sikumwambia mtu. Katika darasa lililotutangulia kulikuwa na msichana aliyeharibikiwa macho, na Mwalimu Mkuu akamwambia akae nyumbani mpaka apone. Hakurudi tena. Nilikuwa nikimwona akipura ulezi pamoja na akina mama, amejifunga khanga, na wenzake wa rika lake wanapita na madaftari. Nilimwogopa yule msichana kuliko nilivyoogopa fimbo.

Basi nikajifunza midomo. Nyumbani nilijifunza midomo ya Kifipa, shuleni midomo ya Kiswahili. Baba alizungumza kwa meno yaliyofungwa, kwa hiyo nilitazama mikono yake. Mwalimu wetu wa darasa, kijana mrefu aliyetoka chuoni miaka michache tu kabla, alikuwa na midomo mizuri, inayosomeka, ila alikuwa na tabia ya kusema huku anaandika ubaoni. Akigeuka ubaoni, nilikuwa gizani. Hapo mwenzangu wa dawati alinitekenya pajani au kuandika neno kwa kidole kwenye mbao. Kuna siku hakuwahi, nikaitwa mara kadhaa bila kuitika, na Mwalimu akanichapa kwa kosa la kiburi. Nilipendelea kiburi.

Siku moja Mwalimu aliingia amechangamka, akasema jambo lililofanya darasa zima kupiga makofi. Nami nikapiga makofi. Mwenzangu aliandika kwenye vumbi la dawati: SAFARI. Halafu akaandika: MISHENI. NYUMBA YA SAUTI. Akanitazama usoni, akafuta haraka.

Baadaye, tukienda kuchota maji, alisimama mbele yangu akanieleza vizuri. Kwenye misheni moja upande wa pili wa uwanda, bruda mmoja, mtawa anayefundisha sayansi, alikuwa ameligeuza ghala la zamani la mahindi kuwa nyumba ya kujifunzia mwanga na sauti. Kila kitu kinashikwa kwa mkono. Shule zinaalikwa kwa zamu. Kila mtoto anapiga, anasikiliza, anaulizwa amesikia nini.

"Anaulizwa mbele ya watu?" nilimwuliza.

"Mbele ya watu."

Wiki ile sikula vizuri. Asubuhi ya safari nilimwambia mama kichwa kinaniuma. Mama akazunguka akaja kusimama mbele yangu, akanishika kidevu.

"Hakikuumi," alisema. "Vaa sweta uende."

Tulibebwa na lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini Sumbawanga, aliyekuwa akienda kule kuchukua magunia na akakubali kutupakia bure. Tulikaa chini kwenye bodi, tumebanana kwa ajili ya baridi. Wenzangu waliimba njia nzima. Nilijua wanaimba kwa kuona vifua vyao, nami nikafungua mdomo na kuufunga pamoja nao. Mwenzangu alinishika mkono. Tulikuwa tumekubaliana: akinibana mara moja, jibu ni ndiyo, mara mbili, hapana. Zaidi ya hapo hatukuwa na mpango.

Bruda alitupokea mlangoni. Alikuwa Mfipa mwenzetu, mtu mzima, mfupi, mwenye kanzu iliyochafuka kwa mafuta ya mashine, na uso wake kuanzia puani kwenda chini ulikuwa ndevu. Ndevu nene na masharubu yaliyofunika mdomo wote. Alikuwa anasema, naona ndevu zinacheza, lakini hakukuwa na neno hata moja la kusoma pale.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha mwanga, nacho kiliniokoa kwa muda. Kuta zilipakwa chokaa. Kulikuwa na beseni la maji lenye fimbo iliyoonekana imevunjika, na vioo vya gari vilivyopangwa mpaka ukajiona mgongo wako mwenyewe. Kulikuwa na kipande cha kioo chenye pembe tatu. Ukikiweka kwenye mwali uliopenya dirishani, upinde wa mvua ulitandazwa ukutani. Huku hakukuhitaji masikio. Bruda alionyesha kwa mikono, nami nilikuwa nimezoea mikono. Alipotugawia vioo vidogo na kuonyesha tuupeleke mwali kutoka kioo hadi kioo mpaka ufike kwenye msalaba aliouchora ukutani, wenzangu waligombana, mimi nikaiona njia yake yote kabla haujapita. Nikawapanga kwa kuwashika mabega. Mwali ukatua msalabani. Mwalimu alinigeukia na midomo yake ikasema wazi kabisa, "Vizuri sana." Kwa dakika chache nilisahau kilichokuwa kinanisubiri.

Ndipo tukaingizwa chumba cha giza.

Kilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, isipokuwa tundu moja dogo kwenye ubao ulioziba nafasi ya dirisha la zamani. Mbele ya tundu lile lilitundikwa shuka jeupe. Tuliingia wote, mlango ukafungwa, na kila mdomo duniani ukatoweka. Sijawahi kuogopa vile. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu arobaini nisimpate hata mmoja. Nilitafuta mkono wa mwenzangu. Nikashika mkono, lakini haukuwa wake, ukajichomoa.

Kisha macho yakazoea, na pale kwenye shuka nikaona uwanja wa misheni wenyewe. Rangi zote zilikuwepo: nyasi kavu, paa jekundu la kanisa, mbuzi wawili na mwanamke aliyebeba kuni. Ila vyote vilikuwa juu chini. Mbuzi walitembea miguu ikiwa juu, mbingu ikiwa imemwagika chini. Tena walitembea bila kelele, na mimi nikaona, kwa mara ya kwanza, picha ya dunia jinsi ilivyokuwa kwangu kila siku. Nilisogea karibu. Nilitazama yule mwanamke akivuka shuka lote na mzigo wake, sikutaka aishe.

Nyuma yangu mtu alinigusa bega, nikadhani wananisukuma. Sikugeuka. Picha ilififia kwa muda kisha ikarudi, nikadhani ni wingu limepita.

Watoto wakaanza kutokea kwenye shuka. Walining'inia kichwa chini, sketi za shule na kaptura, wakitembea kwa mistari miwili kuvuka uwanja. Nilifurahi kwamba kuna shule nyingine imekuja. Halafu nikamwona Mwalimu wetu, mrefu, juu chini, akiwahesabu kwa kidole. Akarudia kuhesabu. Akageukia upande wangu na mdomo wake ukafunguka sana, ukajifunga, ukafunguka tena. Alikuwa anaita, na hata midomo ile niliyoijua kuliko yote sikuweza kuisoma, kwa sababu ilikuwa imepinduliwa.

Nikageuka. Chumba kilikuwa kitupu.

Nilipapasa ukuta kutafuta mlango. Nilipata mbao, nikapata misumari, mlango sikuupata. Nadhani nilipiga kelele. Koo liliniuma baadaye. Mlango ulifunguliwa kutoka nje na mwanga ukanichoma. Mwalimu alikuwa amesimama pale na fimbo yake ya kuonyeshea.

"Nimekuita nimechoka! Unanifanya mimi mjinga mbele ya wenyeji wangu? Kiburi chako umekileta mpaka huku?"

Hayo niliyasoma yote. Nyuma yake alisimama Bruda. Alikuwa ananiangalia macho, kisha akaangalia macho yangu yanaangalia nini, na nikajua kwamba ameona naiangalia midomo ya Mwalimu. Nikainamisha kichwa upesi.

Chumba cha sauti kilikuwa upande wa pili wa uwanja. Kulikuwa na mabomba ya chuma ya urefu tofauti yaliyoning'inizwa kwenye mti, nyuzi za waya zilizokazwa juu ya sanduku, debe lenye ngozi, na mpira mrefu wa maji uliopita ukutani hadi chumba cha pili ili mtu aseme huku asikike kule. Wenzangu walivamia. Nilikwenda kusimama pembeni kabisa, karibu na mabomba, nikayagusa yakitetemeka kila mtu alipoyapiga. Huko kutetemeka nilikupata. Nikaweka kiganja changu pale na kutikisa kichwa kama mtu anayesikiliza.

Ghafla nikaona nyuso. Darasa zima lilikuwa limegeuka kuelekea nilipo, wengine wamejishika vifua kwa mshtuko, na walikuwa hawanitazami mimi, walikuwa wanatazama kitu nyuma yangu. Nikageuka nikiwa nimechelewa. Bruda alikuwa amesimama nyuma yangu. Miguuni pake, juu ya sakafu ya saruji, lilikuwa limeanguka debe tupu alilokuwa amelidondosha yeye mwenyewe, na mfuniko wake bado ulikuwa unazunguka. Ninachokumbuka ni mtikiso mdogo kwenye nyayo, kama mtu amepita.

Mwenzangu wa dawati alianza kulia. Mwalimu alinitazama, akamtazama Bruda, na midomo yake ikatengeneza neno ambalo nilikuwa nimelisubiri miaka miwili, nikalifahamu kabla halijaisha: kiziwi.

Nilimwona akilini yule msichana wa macho na ungo wa ulezi. Nikaanza kwenda mlangoni. Sikuwa na pa kwenda, ila miguu ilikwenda.

Bruda alinizuia kwa mkono, taratibu. Akafanya jambo ambalo mpaka leo nalikumbuka kwa heshima: alikunja masharubu yake kwa vidole viwili, akayainua juu ili mdomo wake uonekane, akasema polepole, "Usiondoke. Bado sijamaliza na wewe."

Alitoa mfukoni chuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga kwenye goti lake. Akakileta karibu na sikio langu la kulia. Nikatikisa kichwa: hakuna. Sikio la kushoto, hakuna. Sikuwa tena na sababu ya kudanganya. Watoto walikuwa wamekaribia wote, wamenizunguka, na macho ya Mwalimu yalikuwa sakafuni. Niliona aibu imenipanda mpaka kwenye nywele.

Bruda akagonga uma tena. Safari hii aliugeuza, akabandika kitako chake kwenye mfupa nyuma ya sikio langu la kulia.

Sauti ikaingia.

Haikutoka mahali. Ilikuwa ndani ya kichwa tayari, nyembamba, ndefu, safi, kama uzi wa shaba unaovutwa kutoka upande mmoja wa fuvu kwenda wa pili. Nilishika mkono wa Bruda kwa mikono yote miwili nisiuache uondoke. Ilififia polepole, nami nikaifuata mpaka mwisho wake. Ilipokwisha nikasema kwa nguvu, bila kujua ninapayuka, "Tena!"

Alirudia. Akabandika kwenye paji la uso, nikasikia. Akabandika kwenye meno, nikasikia zaidi, mpaka machozi yakanitoka. Halafu akawageukia wenzangu, akawaambia wapange mstari na kila mmoja azibe masikio yake kwa vidole auume uma kwa meno, waone kwamba mtu husikia kwa mifupa pia. Wote walijaribu. Wakashangaa, wakachekana, wakasukumana warudie. Kwa muda ule mfupi sikuwa mgonjwa; nilikuwa wa kwanza kwenye mstari.

Lakini niliona Bruda amemvuta Mwalimu kando. Alikuwa anamwambia jambo kwa mikono: akagusa nje ya sikio lake, akakunja uso, akagusa ndani zaidi, akafungua kiganja. Mwenzangu, ambaye alikuwa karibu nao, aliniletea maneno. "Anasema sikio la ndani ni zima. Kilichoharibika ni njia."

Walinipeleka kwa Sista wa zahanati. Alichungulia masikio yangu kwa taa ndogo, akanusa, akakunja midomo. Midomo yake ilikuwa mikavu na ilisomeka vizuri. "Usaha wa zamani umeganda humu. Abaki hapa niusafishe kila siku. Akirudi nyumbani hivi, ugonjwa utaingia ndani, na hapo sitakuwa na la kufanya."

"Siwezi kumwacha mtoto wa watu bila idhini ya wazazi," alisema Mwalimu. "Nitawaeleza nini?"

Nje lori lilikuwa limeshapakiwa magunia. Utingo alichungulia dirishani akionyesha jua. Bruda alisema kitu nisichokiona. Sista alisema kitu. Mwalimu alikuwa anafuta jasho na baridi yote ile. Walikuwa wanazungumza juu yangu, kila mmoja akitazama upande wake, na mimi nikikimbiza midomo kutoka kwa huyu kwenda kwa yule bila kuwapata.

Nikamshika Mwalimu mkono wa shati. Mwanafunzi hakumshika mwalimu siku zile.

"Mwalimu, sisikii," nilisema. "Tangu tuhamie kijijini. Haikuwa kiburi. Naomba usinirudishe nyumbani kukaa."

Mwalimu alichuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wangu. "Nani amesema utakaa nyumbani?" aliuliza. "Leo tunarudi wote. Nitakwenda kwa baba yako mimi mwenyewe, jioni hii hii."

Alikuja kweli, kabla jua halijazama, na vumbi la safari likiwa kwenye nyusi. Baba alimpa kigoda. Nilisimama kwenye kona ya nyumba, nikiwatazama.

"Mwanangu siyo kiziwi," alisema baba, na kwa mara ya kwanza meno yake yalifunguka. "Anafanya kazi zote. Anatumwa, anaelewa. Mwalimu, usinitie doa la bure."

Mwalimu alieleza. Baba alikataa, akainuka, akaketi tena. Alisema watu watasema mji mpya umemlaani, alisema wakati wa kuvuna umefika na mikono haitoshi. Niliona jambo linaponyoka. Mwalimu alikuwa ameanza kutafuta kofia yake.

Mama alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. Alisimama kati yao.

"Hasikii huyu," alisema. "Mimi najua tangu masika ya pili. Ndiyo maana simwiti kwa nyuma. Hujaona nikizunguka kila siku kwenda mbele yake? Nilinyamaza kwa sababu nilidhani hakuna dawa. Kama dawa ipo, kesho alfajiri nampeleka, uvune na nani utajua mwenyewe."

Baba alitazama mikono yake, kisha akaniashiria niende nikafunge mbuzi. Mwalimu aliketi tena, akala ugali wetu wa ulezi na maharage, na hakuna aliyelizungumza tena jambo lile mpaka alipoaga.

Tulikaa misheni mimi na mama mpaka mahindi ya wenzetu yalipokwisha kuingia ghalani. Sista alinisafisha kwa utambi wa pamba na dawa iliyowasha kama pilipili, akanichoma sindano, akanikataza kuoga kichwa. Yalikuwa maumivu ya kila siku, na siku nyingi hayakuleta chochote. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa uani, mama ananyonyoa kuku, nikasikia mchakacho wa manyoya. Sikumwambia. Niligeuka nikampa kisogo, nikamwambia, "Mama, sema neno."

Nyuma yangu, kwa Kifipa, aliniita jina langu la utotoni, lile la nyumbani tu. Nikageuka. Alikuwa ameshika kuku kifuani, damu ya kuku inachafua khanga yake, wala hakujali.

Sikio la kulia lilipona karibu lote. La kushoto lilikuwa limechelewa, na limebaki hivyo. Nilirudi darasani nikakalishwa dawati la mbele, upande wa kushoto wa chumba. Mwalimu hakuniomba radhi, wala sikutegemea. Ila tangu siku ile aliandika kwanza ubaoni kimya, akaweka chaki, akageuka, ndipo akasema. Wenzangu walidhani ni mtindo mpya kutoka mjini.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni kelele. Nilikuwa nimesahau kwamba dunia hainyamazi. Vinu vya nyumba zilizopangwa kwa safu, watoto wa jirani, mbwa, upepo kwenye nyasi za paa. Majuma ya kwanza nililia kwa uchovu, nikamwambia mama nataka kupumzika na sijui nipumzikie wapi. Alicheka, akanigeuza ubavu. Mpaka leo nikitaka usingizi mzuri nalalia sikio la kulia, la kushoto nalielekeza juu.